John Kilaka, mchoraji aliyewavisha wanyama vitenge: vitabu vyake vimefika Ulaya na Kanada kabla ya Butembo

BUTEMBO – Sokwe ametoka kuvua. Samaki ni wabichi, soko liko mbali kidogo, na njiani anamsubiri Mbwa mwenye tamaa, anayetaka kula bila kulipa. Mtoto wa mtaa wa Rughenda mjini Butembo, ambaye mama yake au shangazi yake huuza samaki wanaopanda kutoka Kyavinyonge, hahitaji kuelezwa hatari iko wapi. Samaki mbichi hangoji. Akichelewa njiani, hasara. Akikutana na mwenye nguvu anayependa vya bure, hasara vilevile.

Mwishowe Mbwa anakamatwa. Wanyama hawamrukii kwa mawe na fimbo. Wanakaa, wanamhukumu, na adhabu anayopewa ni kupanda miti. Baadaye kunapikwa, kunaliwa, kunachezwa ngoma. Katika sehemu hizi za Kivu Kaskazini, ambako mwizi akishikwa sokoni mara nyingi hasira ya raia humfikia kabla ya polisi, ukurasa huo wa hukumu si mchezo wa watoto tu. Mzazi anayemsomea mtoto wake ataulizwa maswali.

Shida ni kwamba mzazi wa Rughenda hana kitabu hicho mkononi. Kilitoka kwanza Uswisi, kwa Kijerumani. Mwaka wa 2005 kikatoka Toronto, Kanada, kwa Kiingereza, kwa jina la Fresh Fish. Aliyekiandika na kukichora ni mtu anayeongea Kiswahili, Mtanzania John Kilaka, na jina la mvuvi wake ni Sokwe hata katika kitabu cha Kiingereza.

Mtu wa ng'ambo ya ziwa

Kilaka alizaliwa mwaka wa 1966 upande wa Sumbawanga, kusini magharibi mwa Tanzania. Kwa Mkongomani si mbali sana kama inavyosikika. Sumbawanga iko juu ya milima ya Ufipa, na ukishuka kuelekea magharibi unafika Ziwa Tanganyika. Ng'ambo yake ni Kongo, upande wa Moba. Ni inchi ya baridi na ya wakulima, mahindi na maharagwe, yenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 kama Butembo penyewe. Mukaaji wa Butembo akipelekwa kule asubuhi ya mwezi wa saba atajua mara moja kwa nini watu wanavaa makoti.

Huko ndiko hadithi zake zinakotoka. Kilaka anajulikana kuwa mtu anayerudi vijijini, anakaa na wazee, anawasikiliza, anachukua hadithi wanazosimulia. Kwanza ni msikilizaji, halafu msimulizi, halafu ndipo anachora. Mpangilio huo unaonekana kwenye kurasa zake. Hakuna picha iliyowekwa kwa sababu ni nzuri tu. Kila moja inasukuma hadithi mbele.

Lakini namna yake ya kuchora hakuitoa Sumbawanga. Aliipata Dar es Salaam, kwa mafundi wa Tingatinga. Na hapo ndipo Wakongomani wanaingia katika habari hii, pengine bila wenyewe kujua.

Rangi ya baiskeli

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, akatumika kwa wazungu na baadaye katika hospitali ya Muhimbili. Kwenye mwaka wa 1968 alianza kuchora. Hakuwa na pesa ya kitambaa cha wasanii wala rangi za shule ya sanaa. Alichukua mbao nyembamba za kufungia dari, akazikata mraba, akazipaka rangi ya mafuta ambayo mafundi walitumia kwenye baiskeli. Tembo, chui, ndege, mti wa mbuyu. Picha ziliuzwa Oysterbay, karibu na duka la Morogoro Stores, ambako wageni walikuwa wakifanya manunuzi.

Inasimuliwa kwamba kilichomsukuma ni picha za wachoraji kutoka Kongo. Katika miaka hiyo ya 1960 picha za Wakongomani zilikuwa zikiuzwa barabarani Dar es Salaam, naye alipoziona akajiambia kuwa kazi hiyo hata yeye anaiweza. Watafiti wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanaona undugu kati ya wanyama wa Tingatinga na wale waliochorwa Lubumbashi, wakati mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Huko, tangu mwaka wa 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alikuwa amefungua karakana iliyojulikana kama Le Hangar. Kati ya waliotoka humo ni Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Samaki na ndege wa Pilipili, waliozungukwa na majani madogo madogo yaliyojaza ubao wote bila kuacha pengo, wanatambulika mpaka leo.

Si wote wanaokubali. Wengine wanasema chanzo ni michoro ya kuta za nyumba kule kusini mwa Tanzania, na kwamba kila Mwafrika akichora chui si lazima awe amefundishwa na jirani. Mabishano hayo hayajaisha. Lililo wazi ni kwamba Kongo ilikuwa na picha zake sokoni Dar es Salaam kabla Tingatinga hajashika burashi.

Hakuishi kuona matunda. Mwaka wa 1972 polisi walimpiga risasi kwa makosa, wakidhani gari alilokuwamo ni la wahalifu wanaokimbia. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi. Ndugu na wanafunzi wake, kati yao Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda na Casper Tedo, waliendelea. Jina la mtu likawa jina la ufundi. Mwaka wa 1990 mafundi hao walijipanga katika chama cha ushirika, palepale Oysterbay. Ni katika shule hiyo isiyo na mwalimu mkuu wala diploma ndimo Kilaka aliingia.

Ufundi wenyewe una kanuni zake. Rangi ya mafuta inang'aa na haikauki upesi, kwa hiyo fundi anapaka ardhi na mbingu kwanza, anaacha ikauke, kisha anaweka umbo la mnyama, anaacha tena, mwisho anatia madoadoa, mistari, manyoya na macho. Hakuna kivuli. Hakuna mbali wala karibu: kilicho muhimu kinachorwa kikubwa. Mistari ni safi, rangi hazichanganyiki. Yeyote aliyemtazama fundi akiandika jina la butiki ukutani Butembo ameshaona nusu ya kazi hiyo.

Picha moja haitoshi

Picha ya Tingatinga huuzwa peke yake. Mtalii anainunua, anaitundika nyumbani kwake, basi. Chui aliyemo hana jina, hana jana wala kesho. Kitabu cha mtoto kinataka kitu kingine kabisa. Sokwe wa ukurasa wa kwanza lazima awe Sokwe yuleyule wa ukurasa wa ishirini, hata akiwa amekasirika, amechoka au anacheza ngoma. Mtoto wa miaka minne hasamehi. Akiona shati limebadilika rangi bila sababu, atasema huyu ni mwingine.

Kilaka alilitatua hilo kwa nguo. Wanyama wake wanasimama kwa miguu miwili na kuvaa kama watu wa kijijini: mashati, magauni, vitambaa vya maua, vya mistari na vya madoa. Kitenge kinafanya kazi mbili. Kinamtambulisha mnyama kutoka ukurasa hadi ukurasa, na kinachukua nafasi ya madoadoa ambayo fundi wa Tingatinga alizoea kujazia mwili wa chui. Ufundi wa Oysterbay umebaki, ila umehamia kwenye nguo.

Jambo la pili ni vyombo. Nyumba zake, vyungu vyake na vikapu vyake ni vya kijiji kinachofahamika. Mchoraji wa Ulaya anapochora hadithi ya Afrika, mara nyingi huweka kibanda kimoja na mnazi mmoja, akaona amemaliza. Kilaka anachora maisha ya mahali alipokulia, na mtoto anayeishi maisha kama hayo anaweza kuyakagua. Hilo si dogo. Mtoto wa huku, mara nyingi, kitabu cha picha anachokutana nacho ni cha Kifaransa kilicholetwa kama zawadi: kuna theluji, kuna bomba la moshi juu ya paa, kuna mbwa anayelala kitandani. Anajifunza mapema kwamba vitabu ni habari za watu wengine.

Jambo la tatu ni macho. Wanyama wa Tingatinga mwenyewe hutazama pembeni, wametulia. Wa Kilaka wanatazamana. Wanalaumiana, wanaoneana haya. Katika kitabu chake cha pili kwa Kiingereza, True Friends, kilichotoka Kanada mwaka wa 2006, hadithi nzima imebebwa na jinsi rafiki wawili wanavyoacha kutazamana.

Tembo aliyeficha chakula

Rafiki hao ni Panya na Tembo. Panya ni mdogo lakini ana akili ya akiba, na tena ndiye anayejua kuwasha moto. Anajua ukame utakuja, anakusanya chakula. Tembo anamshawishi: nyumba yako ni dhaifu, lete chakula chako kwangu, nyumba yangu ni imara, tutakula pamoja. Panya anakubali. Ukame unapofika, Tembo anafunga mlango.

Mtu mzima wa Beni au wa Butembo akisikia hadithi hiyo anafikiri mambo mengi, na hakuna lolote kati yake linalohusu tembo. Anafikiri waliohama vijiji na kuacha mavuno kwa mtu. Anafikiri ndugu aliyeahidi. Tangu mauaji yalipoanza Beni mwezi wa kumi mwaka wa 2014, familia nyingi zimeishi kwa kutegemea mlango wa mwingine kufunguliwa. Mtoto hawezi kuelezwa hayo yote kwa maneno ya habari za redio. Ila anaweza kumtazama Tembo aliyekaa na chakula kisicho chake na kuuliza: kwa nini hampi?

Panya hapigani. Anaondoka, na moto unaondoka naye. Wanaobaki wanagundua walichopoteza, wakiwamo wale ambao hawakumdhulumu ila walinyamaza. Mapatano yanakuja baadaye, na hayaji bure. Ni hadithi ngumu kuliko inavyoonekana kwa rangi zake za furaha, na hapo ndipo kuna nguvu ya Kilaka: mikono yake haifanyi huzuni kuwa nyeusi. Ukame wake una rangi. Mtoto anabaki na kitabu hadi mwisho badala ya kukifunga kwa woga.

Kuvisha wanyama nguo za watu kuna faida nyingine ambayo wasimulizi wa zamani waliijua vizuri. Tembo hana kabila. Mbwa mwizi hana chama. Unaweza kuuliza ni nani ameiba, na amhukumu nani, bila mtu yeyote chumbani kuhisi kwamba ametajwa yeye.

Kwa nini Uswisi?

Swali linalobaki ni la pesa. Kwa nini hadithi iliyosikika Rukwa ikapitia Ulaya?

Kitabu cha picha cha watoto ni kati ya vitabu vya gharama kubwa kuchapisha, ijapokuwa maneno yake yanaweza kutosha kwenye karatasi mbili. Kila ukurasa una rangi. Matayarisho ya mashine kwa rangi nne yanagharimu pesa ileile, uchapishe nakala 500 au 5,000. Ndiyo maana anayechapisha nakala chache, kitabu kimoja kinamtoka kwa bei ambayo mzazi hawezi kuilipa, na anayechapisha nyingi anahitaji uhakika kwamba zitanunuliwa. Kurasa zenyewe kwa kawaida ni 32 au 24, kwa sababu karatasi kubwa ya mashine hukunjwa ikatoa kurasa nane au kumi na sita. Ni hesabu ya fundi, si ya mshairi.

Uswisi kuna Baobab, wachapishaji wa Basel ambao kazi yao ni kutafuta vitabu vya watoto vya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na kuvitoa kwa Kijerumani. Shule na maktaba za kule hununua. Kilaka alipitia mlango huo. Groundwood ya Toronto ikafuata, kisha NorthSouth ya New York. Ukitazama orodha hiyo unaona ni nani mwenye maktaba.

Tanzania ilijaribu njia nyingine. Mradi wa vitabu vya watoto ulioanzishwa mwaka wa 1991, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, uliwafundisha waandishi na wachoraji, ukawahakikishia wachapishaji wa nchini kwamba sehemu kubwa ya nakala za kila kitabu itanunuliwa na kugawiwa shule za vijijini. Mchapishaji hakulazimika tena kubahatisha. Vitabu vingi vya Kiswahili vya watoto vilizaliwa hivyo.

Kongo haikuwa na mpango wa namna hiyo kwa Kiswahili cha mashariki, ingawa katiba inakihesabu kuwa moja ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali zimetangazwa kuwa za bure, madarasa yamejaa. Watoto wameingia, vitabu vya kuwasubiri ndani ya darasa ni habari nyingine.

Mkongomani wa mto

Isidhaniwe kwamba Kongo haina wachoraji wa watoto. Dominique Mwankumi, aliyezaliwa mwaka wa 1965 huko Vanga, magharibi mwa nchi, alisoma katika chuo cha sanaa cha Kinshasa, kisha akachapisha vitabu vyake Paris kwa L'École des loisirs. La pêche à la marmite ni cha mwaka wa 1998. Prince de la rue, cha mwaka wa 1999, kinahusu watoto wa barabarani wa Kinshasa. Mwaka wa 2009 alitoa Wagenia, juu ya wavuvi wa maporomoko ya Kisangani, ambao kila msafiri aliyepita mji huo anawafahamu kwa mitego yao mikubwa ya miti.

Yeye na Kilaka ni kama usiku na mchana. Mwankumi hachori wanyama wenye mashati. Anachora watoto wenyewe, mtumbwi wenyewe, mto wenyewe, kwa rangi za maji zinazoachia mwanga upite. Kwa Kilaka kila kitu kina mpaka wake. Kwa Mwankumi maji na anga huingiana. Anayetaka kuonyesha mtoto maisha ya Kongo yalivyo atamchukua Mwankumi. Anayetaka kumsimulia jioni atamchukua Kilaka. Wote wawili, hata hivyo, vitabu vyao vilichapishwa nje ya Afrika, na vya Mkongomani huyu viko kwa Kifaransa.

Mikono iliyopo Rughenda

Butembo haikosi mikono. Kuanzia Rughenda hadi katikati ya mji, kuta za vinyozi, maduka ya dawa na butiki zinachorwa kwa mkono: kichwa kilichonyolewa vizuri, simu, mfuko wa sementi, kuku. Rangi ni ileile ya mafuta, na kanuni ni zilezile za Oysterbay, mstari safi na hakuna kivuli. Tofauti ni kwamba fundi wa ukutani hulipwa kwa picha moja na hakuna anayemwomba amchore kuku huyo mara ishirini na nne akiwa na hasira, akiwa na njaa, akiwa harusini.

Wakaaji wa mji huu pia wanajua picha inaweza kubeba nini. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa ulioua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini na majimbo jirani, maelezo mengi yalipitia michoro: mikono inayonawa, mgonjwa anayepelekwa kwenye matibabu, maziko ya usalama. Pale ambapo maneno ya daktari yalishukiwa, picha ilipewa angalau nafasi ya kutazamwa. Wachoraji wa mabango hayo hawakutajwa majina popote. Ni desturi mbaya, nayo haikuanza na Ebola.

Kwa asiye na pesa ya mashine ya rangi, kuna mlango mmoja ulio wazi. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, umeweka kwenye intaneti vitabu vya picha vya watoto, vingi vikiwa kwa Kiswahili. Mwalimu mwenye simu anaweza kuvipakua bila malipo, kuvitafsiri kwa lugha ya mahali pake na hata kuvichapisha kwa karatasi za kawaida, kwa kuwa ruhusa imetolewa mapema. Picha zake hazilingani zote na za Kilaka, na simu ndogo inafinya kila mchoro. Lakini vipo, na vinaongea lugha ambayo mtoto wa Beni anaielewa.

Jina la mti

Kitabu cha Kilaka kinachowafaa zaidi wasiojua kusoma ni The Amazing Tree, kilichotolewa na NorthSouth mwaka wa 2009. Ni hadithi inayojulikana sehemu nyingi za Afrika, na wazee wengi wa huku wataisikia kama jirani yao. Kuna njaa. Kuna mti uliojaa matunda yaliyoiva, lakini matunda hayaanguki. Sungura anashauri waende kwa Kobe mwenye hekima. Wakubwa wanamwambia yeye ni mdogo mno kwa safari hiyo, wanakwenda Tembo na Nyati. Kobe anawapa siri: mti lazima uitwe kwa jina lake. Wakirudi wanajikwaa, jina linawatoka kichwani. Wanatumwa wakubwa wengine. Jina linapotea tena.

Hapa rangi za Oysterbay zinafanya kazi yake bora. Mti unabaki palepale, mkubwa, umejaa, huku wanyama wakienda na kurudi. Mtoto anaona chakula muda wote. Anangoja pamoja nao.

Kilaka mwenyewe akiwa mbele ya watoto haketi na kitabu magotini. Anasimulia kwa mwili, anageuka mnyama huyu na yule, kama wafanyavyo wasimulizi aliowasikiliza vijijini. Sehemu ya Sungura anayerudi akirudiarudia jina njia nzima ili asilisahau ni ya kusemwa kwa sauti, na watoto hushika haraka kuliko Tembo. Aliyetafsiri kitabu kwa Kiingereza hakulitafsiri jina hilo. Limebaki Ntungulu Mengenye, na mtoto wa New York naye analazimika kulitamka hivyohivyo, la sivyo matunda hayaanguki.